Kuisoma lesi ya mkono: vipande vya mitumba, vijiti, sindano na sisi wafumaji wa Nairobi

Mwanzilishi wa mjadala

Wapenzi wenzangu wa lesi, salamu. Swali linalorudi kila tunapokutana Jumamosi ni hili: mtu anayetamani kujifunza lesi ya mkono aanzie wapi, ilhali vijiti vya kufumia havipatikani madukani kama sindano za kroshia, na walimu wa ufundi huu wengi wako mbali nasi? Nimeamua kulijibu kwa kirefu, kwa kuwa nina hakika kwamba mwalimu yupo hapa hapa mjini. Mwalimu huyo ni kipande cha lesi kuukuu kilichokunjwa chini ya rundo la mapazia na vitambaa vya meza pale Gikomba au Toi, ambacho muuzaji yuko tayari kukiachilia kwa bei ya kutupa. Anayejua kukisoma kipande hicho atajua kilifumwa kwa chombo gani, kwa nyuzi ngapi, kuanzia wapi na kuishia wapi, na akishayajua hayo anaweza kukifuma upya.

Vipande hivi hutufikia pamoja na vitambaa vya nyumbani vinavyofungwa katika mabelo ya mitumba kutoka Ulaya: leso za mfukoni, foronya, vitambaa vya meza na vitambaa vya kufunikia trei. Muuzaji huvipanga kwa ukubwa na kwa weupe. Pindo la lesi halimshughulishi, wala hatuna sababu ya kumlaumu, kwa maana mteja wake anatafuta kitambaa cha kufunika meza. Sisi ndio tunaopaswa kugeuza kitambaa upande wa pili, kukiinua kwenye mwanga na kuangalia.

Cha kwanza kuuliza ni namna uzi ulivyopita, kabla ya kuutazama urembo. Katika lesi ya sindano, uzi mmoja unashonwa juu ya uzi mwingine kwa mshono ule ule tunaoutumia kuzungushia tundu la kifungo, ukirudiwa mara maelfu bila kitambaa chochote chini yake. Ukikuza picha kwa kamera ya simu utaona vitanzi vidogo vilivyoshikana safu kwa safu. Katika lesi ya vijiti nyuzi ni nyingi, kila moja ikiwa na kijiti chake, nazo zinapishana na kusokotana kama msuko wa nywele, kwa hiyo unaweza kuchagua jozi moja ya nyuzi na kuifuata kwa ncha ya sindano kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kroshia ni kitanzi kilichovutwa ndani ya kitanzi, jambo ambalo wengi wetu tunalifahamu tangu utotoni. Kisha ipo lesi ya wavu, ambayo ni miraba ya nyuzi iliyofungwa mafundo kwenye kila kona, halafu baadhi ya miraba ikajazwa kwa sindano ili itoe ua, ndege au herufi. Tatingi nayo huonekana kwa vipete vyake vidogo, vilivyojengwa kwa mafundo mawili mawili juu ya uzi unaoweza kuvutwa.

Lesi ya mashine ina dalili zake. Ile ya kuyeyusha kitambaa, iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1880, hutariziwa kwa mashine juu ya kitambaa ambacho baadaye huondolewa kwa dawa, na kinachobaki ni tarizi peke yake. Ukijaribu kufuata uzi wake hufiki popote. Nyuzi zimejaa manyoya na zimerundikana bila njia. Lesi nyingine za mashine huonyesha mistari myembamba iliyo sambamba kila mahali, na ukingo wake una ncha zilizokatwa. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni kosa. Mkono wa binadamu ukikosea hapa, hukosea kwa namna nyingine kule, au haukosei tena. Mashine iliyopangwa vibaya hurudia kosa lile lile katika kila ua, kwa umbali ule ule, mpaka mwisho wa pindo.

Iliyo ngumu kuitambua ni lesi ya mashine ya Barmen, mashine iliyobuniwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu yenyewe husuka nyuzi kweli kweli, jinsi vijiti vinavyofanya. Hapo nenda moja kwa moja kwenye kona ya leso. Mfumaji wa mkono anaweza kuigeuza ruwaza kwenye kona, nyuzi zikapinda bila kukatika, na ua la kona likawa tofauti kidogo na maua ya pembeni. Pindo la mashine hutoka likiwa utepe ulionyooka, hivyo mshonaji hulazimika kulikunja, kulikusanya au kulikata na kulishona kwenye kona. Kona iliyokunjwa haithibitishi kwamba lesi ni ya mashine, kwani hata lesi ya mkono iliuzwa kwa mita na kushonwa hivyo, lakini kona iliyofumwa ni ushuhuda mzito.

Mchangiaji kutoka Umoja

Shikamoo, mwalimu. Nimesoma kwa makini na nina jambo linalonisumbua. Marehemu mama alinifundisha kroshia, na vitambaa vyake vya ruwaza ya nanasi vingali juu ya makochi yetu hadi leo. Hata hivyo, mara kadhaa nimesikia watu wakisema kwamba kroshia si lesi halisi, na kwamba lesi ni ile ya vijiti na ya sindano pekee. Je, tunaofuma kroshia tuna nafasi katika mazungumzo haya?

Mwanzilishi wa mjadala

Marahaba, dada. Mna nafasi, tena ya mbele. Ni kweli kwamba lesi ya vijiti na ya sindano zilikua mapema zaidi, katika karne ya 16, huko Italia na Flandria. Kitabu cha ruwaza za vijiti kiitwacho Le Pompe kilichapishwa Venice mwaka 1557, na ruwaza zake bado zinafumwa. Kroshia ilikuja baadaye sana. Ila tazama ilivyofanya kazi Ireland wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, viazi vilipooza mashambani na familia zikabaki bila chakula wala kodi ya ardhi. Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Clones, alianzisha mafunzo ya kroshia huko mwaka 1847, na kazi hiyo ikaenea katika eneo lile ikawa riziki ya nyumba nyingi. Wafumaji waliziangalia lesi za sindano za Venice, zilizokuwa zikichukua muda mrefu mno kukamilika, wakatafuta njia ya kupata sura inayokaribiana nazo kwa kulabu moja na uzi mwembamba wa pamba. Walifuma waridi moja moja, jani moja moja, kisha wakayaunganisha maua hayo kwa wavu wa minyororo wenye vifundo vidogo vya mviringo, ambavyo hadi leo hutambulikana kwa jina la mji wa Clones.

Kuna la kuongeza kuhusu vitambaa vya marehemu mama yako. Mashine za viwandani huiga sura ya kroshia kwa ufumaji wa namna nyingine, lakini mshono wenyewe bado unafanywa na mkono, kwa hiyo ukikuta kroshia ya kweli kwenye rundo la mitumba, ujue kuna mtu aliyekaa mahali fulani akaifuma kitanzi kwa kitanzi. Lihesabu nanasi la mama yako tangu matao ya chini mpaka kilele, safu kwa safu, uliandike kwenye daftari kabla kitambaa hakijachakaa. Ruwaza nyingi za Nairobi hazikuwahi kuandikwa. Zilihama kutoka kochi hadi kochi kwa mgeni kukitazama kitambaa alipokuwa akinywa chai, na huo pia ni usomaji wa lesi.

Mchangiaji kutoka Kariobangi

Salamu kwenu nyote. Mimi ni fundi wa mbao, na mke wangu ndiye mpenzi wa lesi nyumbani. Ameniomba nimtengenezee vijiti pamoja na mto. Ningefurahi kupata vipimo na maelezo ya mbao inayofaa, maana sijawahi kuviona kwa macho.

Mwanzilishi wa mjadala

Karibu sana, fundi. Umeleta mkono tuliouhitaji. Kijiti cha kawaida kina urefu wa takribani sentimita kumi na unene wa penseli, au pungufu kidogo. Juu kina kichwa kidogo, chini ya kichwa kuna shingo nyembamba ya kuzungushia uzi, na chini yake kuna mpini wa kushikia. Mbao iwe ngumu na yenye chembe zilizoshikana, mabaki ya kazi nyingine yanatosha kabisa, na mianzi iliyokauka vizuri inafaa pia. Usiwe na haraka kwenye msasa. Piga msasa wa kukwaruza, kisha wa katikati, kisha ule laini kabisa, halafu pitisha uzi mwembamba wa pamba kwenye shingo ukiuvuta polepole. Ukikwama hata mara moja, rudia. Uzito wa vijiti vyote ulingane, kwa sababu kijiti ndicho kinachouvuta uzi ukakaza, na kijiti kizito kando ya chepesi hupindisha kazi.

Maumbo yametofautiana kwa sababu za kikazi. Vijiti vya Ulaya bara mara nyingi huvimba upande wa chini ili vipate uzito. Vile vya kaunti za katikati ya Uingereza ni vyembamba, navyo huwekewa kipete cha shanga mwishoni, ambacho huongeza uzito na kukizuia kijiti kubiringika juu ya mto. Vya Honiton, mji wa Devon huko Uingereza, huchongoka, kwa kuwa mfumaji wa kule hulazimika kukipenyeza kijiti ndani ya kitanzi ili kuunganisha sehemu moja na nyingine. Kwa wanaoanza napendekeza vile vya shanga, na hilo kwetu ni jepesi: shanga za kila rangi zinapatikana mjini, na kina mama wanaouza mapambo ya Kimaasai watakuonyesha waya unaofaa kuzishika.

Kuhusu mto, sharti ni moja tu, uwe mgumu kiasi kwamba pini inasimama wima hata nyuzi zikiivuta. Sponji ya godoro haifai hata kidogo. Nyasi kavu zilizokatwakatwa na kushindiliwa kwa nguvu ndani ya mfuko wa kitambaa kizito ni njia ya zamani na ingali nzuri; uvike mto kitambaa cha rangi moja iliyokolea, kisicho na maua, ili uzi mweupe uonekane bila kuyachosha macho. Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu. Pini za ofisini huacha madoa ya kahawia katika matundu ya lesi, na doa la kutu kwenye pamba nyeupe haliondoki kirahisi.

Kabla mtu hajatishwa na wingi wa vijiti, na aelewe kwamba mkono una miondoko miwili peke yake. Chukua jozi mbili, yaani vijiti vinne, uvihesabu kwa nafasi kutoka kushoto: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Namba ni za nafasi, wala si za vijiti. Kupishanisha ni kupitisha kijiti cha nafasi ya pili juu ya cha tatu. Kusokota ni kupitisha cha pili juu ya cha kwanza na, kwa wakati ule ule, cha nne juu ya cha tatu. Pishanisha, sokota, pishanisha: umepata mshono wa kitambaa, ule unaofanana na nguo iliyofumwa. Pishanisha, sokota, weka pini katikati ya jozi mbili, pishanisha, sokota: umepata tundu moja la lesi ya Torchon, aina ya lesi ya vijiti iliyo rahisi kwa anayeanza, lililofungwa chini ya pini. Kisha unaziacha jozi hizo, unachukua jozi inayofuata na kuendelea kimshazari. Pindo lenye vijiti mia moja linafumwa na mikono inayoshika vijiti vinne tu kwa wakati mmoja, na vingine vyote vinangoja zamu yao.

Mchangiaji kutoka Kasarani

Asante kwa maelezo. Naomba kuuliza kuhusu nyuzi. Nilinunua nyuzi za cherehani kwa sababu zilikuwa nyembamba na za bei nafuu, lakini kazi ilipotolewa kwenye mto ilijikunja.

Mwanzilishi wa mjadala

Yaelekea ni poliesta, ambayo huvutika ikiwa kwenye mto na kurudi pini zinapoondolewa. Kata kipande kidogo ukichome: pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Tafuta uzi wa pamba wa kroshia uliosokotwa kwa nguvu, na ukumbuke kwamba namba inapopanda uzi huwa mwembamba zaidi, yaani namba 80 ni nyembamba kuliko namba 20. Anayeanza aanze na 20, aone anachokifanya.

Ukitaka uzi unaolingana na wa kipande cha zamani, zungusha uzi wako kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, uhesabu ni mingapi inayojaza sentimita moja, kisha ulinganishe na uzi uliochomoka kutoka kwenye sehemu iliyochanika ya kipande hicho. Kipande kilichochanika kina thamani kubwa kwa sababu hiyo, msikipite.

Mchangiaji kutoka Pangani

Hamjambo ndugu zangu. Mimi nimekulia Lamu kabla ya kuhamia Nairobi, na maelezo ya lesi ya wavu yamenigusa kwa namna ya pekee. Fundo mlilolieleza, la kona nne za kila mraba, ndilo fundo la wavuvi wetu. Wao hutumia sindano ya nyavu iliyozungushiwa uzi pamoja na kipande cha ubao kinachopima ukubwa wa jicho la wavu, na kila fundo linakazwa juu ya ubao huo ili macho yote yalingane. Nilipoona picha za mfumaji wa lesi ya wavu akiwa na sindano ndogo na kipimo chembamba cha kijiti, niliona kwamba tofauti iko kwenye unene wa uzi na ukubwa wa jicho.

Kadhalika, ningependa kofia zetu zisisahauliwe. Kofia ya viua inayoshonwa kwa mkono hutobolewa matundu madogo kwa kufuata mchoro, kisha kila tundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka ukingo wake ukawa imara. Shangazi zangu walifanya kazi hiyo kwa miezi kwa ajili ya kofia moja ya bwana harusi. Si lesi kwa maana mliyoieleza, kwa sababu kitambaa kipo tangu mwanzo, lakini jicho la mshonaji linalenga kitu kile kile, yaani tundu lililo sawa na jirani yake.

Mwanzilishi wa mjadala

Ndugu wa Pangani, umeniongezea maarifa, na ninaafiki kila ulichosema. Isitoshe, njia uliyoieleza ndiyo iliyoleta lesi ya sindano duniani. Washonaji wa Italia walianza kwa kutoa nyuzi na kukata matundu kwenye kitani, wakayazungushia mishono na kuyajaza, wakazidi kukata hadi kitani kilipobaki vipande vyembamba vichache tu. Mwishowe wakakiacha kabisa na kuushona uzi juu ya nyuzi zilizotandikwa kwenye ngozi au karatasi. Mshonaji wa kofia ya viua amesimama mwanzoni mwa njia hiyo, na vidole vyake vinaweza kuifuata akipenda. Ombi langu ni kwamba utakapokuja tena Jumamosi uje na sindano ya nyavu, maana wengi wetu tumeisoma lesi ya wavu kwenye vipande bila kuliona fundo likifungwa.

Kwa kuwa tumefika pwani, niseme neno kuhusu mkonge. Katika kisiwa cha Hvar, Kroatia, watawa wa Kibenedikto hufuma lesi kwa nyuzi zinazotolewa ndani ya majani mabichi ya agave. Ufumaji wa lesi wa Kroatia, ukijumuisha huo wa Hvar pamoja na ule wa Pag na Lepoglava, uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2009. Mkonge wetu ni agave vilevile, jamaa wa mmea wao, na kina mama wa Ukambani na Gikuyu wamekuwa wakisokota nyuzi zake kwa ajili ya vyondo kwa vizazi. Uzi wa kiondo ni mnene kwa lesi, ila singa moja moja iliyochambuliwa kabla ya kusokotwa ni nyembamba mno. Ningependa sana mtu mwenye subira ajaribu kuifuma ruwaza ya buibui ya Torchon kwa singa hizo, zikiwa zimelowekwa kwanza ili zisivunjike. Soko la Kariokor halikosi watu wanaoujua mkonge kuliko tunavyoijua pamba.

Mchangiaji kutoka Eastleigh

Kwa heshima zote, naomba nitoe maoni tofauti. Nauza vitambaa, na lesi za mashine ninazoziuza zinapendeza, zina bei inayofikiwa na bibi harusi wa kawaida, na zinapatikana kwa mita leo hii. Mkitumia wiki nyingi kwa pindo la upana wa vidole viwili, je, hamwoni kwamba historia imekwisha kuamua?

Mwanzilishi wa mjadala

Mama, maoni yako ni ya haki na nitayajibu kwa uzito wake. Historia iliamua kweli kuhusu biashara. John Heathcoat alipata hataza ya mashine yake ya wavu mwaka 1809, John Leavers akaleta yake mwaka 1813, na hasira za waliopoteza kazi zikafika mahali ambapo mashine za Heathcoat huko Loughborough zilivunjwa usiku mmoja wa mwaka 1816, naye akahamia Tiverton. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840 akiwa amevaa lesi ya Honiton iliyofumwa kwa mkono huko Devon, alikuwa akiwapa kazi watu ambao tayari walikuwa wameelemewa. Sidai kwamba tunaweza kushindana nawe kwa mita, wala bibi harusi hana sababu ya kuona haya kwa kununua lesi ya mashine.

Lakini sisi hatufumi ili tuipunguzie Eastleigh wateja. Tunafuma kwa sababu kuuelewa uzi ni furaha inayojitosheleza. Idrija, huko Slovenia, shule ya lesi iliyofunguliwa mwaka 1876 ingali inafundisha watoto, na ufumaji wa vijiti wa nchi hiyo uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2018. Alençon nchini Ufaransa, lesi ya sindano iliyokuzwa na viwanda vya kifalme vilivyoanzishwa na Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa 14, mwaka 1665, iliorodheshwa mwaka 2010. Watu hawa wanaishi katika nchi ambako lesi ya mashine inapatikana kwa urahisi, na bado wanaketi kwenye mito yao. Zaidi ya hayo, mama, nakuomba uje siku moja na vipande vya lesi zako. Anayeifahamu ya mashine kwa kuigusa kila siku, kama wewe, ndiye anayeweza kutusaidia zaidi kuitenga ya mkono.

Mchangiaji kutoka Eastleigh

Nimekuelewa, na mwaliko nimeupokea kwa moyo mkunjufu. Nitaleta vipande vya lesi ya kuyeyusha kitambaa, ili vijana wauone mgongo wake.

Mchangiaji kutoka Umoja

Mwalimu, leo asubuhi nimepata leso ya mfukoni pale Toi, yenye pindo ambalo nadhani ni Torchon, na kona zake zimefumwa zikageuka. Imekuwa ya manjano na ina uchafu. Nifanyeje ili niisafishe, kisha niinakili?

Mwanzilishi wa mjadala

Hongera, dada, kona zilizogeuka ni habari njema. Usiitie dawa ya klorini, kwa sababu uzi wa pamba uliozeeka hudhoofika na kukatika. Iweke juu ya kipande cha neti safi, uitumbukize pamoja na neti hiyo kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo isiyo kali, uiache iloweke, na ubadilishe maji yakigeuka rangi. Usiikamue wala kuisugua. Inua neti, maji yachuruzike, suuza hadi povu liishe, kisha itandaze juu ya ubao uliovikwa taulo nyeupe na uinyooshe kwa pini zisizoshika kutu, pini moja kwa kila ncha ya mawimbi ya ukingo. Iache ikauke kivulini. Najua nyumbani tumezoea kuvitia vitambaa stachi au maji ya sukari ili visimame, na kwa kitambaa cha kochi kinachofuliwa mara kwa mara stachi haina neno, lakini kipande cha kuhifadhiwa kisiwekwe chochote, kwa kuwa stachi huwavuta wadudu na sukari huwaita sisimizi.

Ikishakauka, ipige picha juu ya karatasi nyeusi, kisha chapisha picha hiyo kwa ukubwa ule ule wa lesi. Chukua karatasi ya miraba. Upande ulionyooka, ule unaoshonwa kwenye kitambaa, uwe mstari wako wa wima. Torchon ni rafiki wa mwanafunzi kwa sababu matundu yake yamepangwa juu ya miraba, na mistari ya pini hupanda kimshazari kwa pembe ya digrii 45 kutoka kwenye mstari huo wa wima, kwa hiyo ukishapata umbali wa pini mbili zinazofuatana ukingoni, sehemu kubwa ya ruwaza itajipanga yenyewe. Tia nukta kwenye kila mahali penye tundu la pini, kuanzia penye urudiaji mmoja, yaani pale ruwaza inapoanza kujirudia, hadi urudiaji unaofuata, bila kuruka. Penye kitambaa kilichoshikana, chora kingo zake peke yake na uandike ndani yake mshono uliotumika.

Kupata idadi ya vijiti, tafuta mahali ambapo pindo ni jembamba kuliko pote, aghalabu kwenye bonde kati ya mawimbi mawili, uchore mstari wa kuvuka na uhesabu nyuzi zinazoukata mstari huo. Kila nyuzi mbili ni jozi moja. Hesabu tena kwenye bonde la pili, na idadi zikitofautiana, fuata jozi moja moja kwa sindano mpaka uone ni ipi iliyojificha; mara nyingi ni ile inayotembea ukingoni kabisa, imesokotwa mara kadhaa na kuonekana kama uzi mmoja. Kona iache mwisho. Fuma kwanza urudiaji kadhaa ulionyooka kwa ruwaza uliyoinakili, uweke kazi yako juu ya leso, na matundu yakilingana ndipo uichore kona, ukianzia kwenye mstari wa mshazari unaoigawa katikati.

Tafadhali weka hapa picha ya nukta zako kando ya picha ya leso kabla hujazungusha uzi kwenye vijiti. Fundi wa Kariobangi akiwa amemaliza vijiti vya mkewe, huenda atakubali kukuazima jozi chache, nasi tutaihakiki ruwaza hiyo pamoja, jozi kwa jozi, Jumamosi ijayo.